Gramu Kumi kwenye Kranki: Usawazishaji wa Injini na Barabara za Rungwe

Barabara inayotoka Uyole kwenda mpaka wa Kasumulu hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari maeneo ya Isongole, hushuka Kiwira na Tukuyu kwenye mita zipatazo 1,500, kisha huporomoka hadi uwanda wa Kyela, ambako maji ya Ziwa Nyasa yako chini ya mita 500. Ikipanda, dereva hurudisha gia na kuiacha injini izunguke kwa kasi. Ikishuka, hurudisha gia tena ili injini isaidie breki, nayo huzunguka kwa kasi vilevile, safari hii bila kuvuta chochote. Wenye Mark II, Altezza, Subaru na Crown wilayani Rungwe wanalijua hilo kwa masikio.

Injini ya gari la namna hiyo ikichoka na kufunguliwa ili isukwe upya, huja suala la kubalansi. Wapo mafundi wasemao kwamba bila kubalansi kranki kazi yote ni bure. Wapo wengine wasemao kwamba tangu waanze ufundi hawajabalansi hata moja, na magari yanatembea. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake. Kujua ukweli huo ni wa kiasi gani kunataka tulifuate jambo lenyewe toka chini.

Tuanze na sehemu zinazohusika. Kranki ni mhimili wenye vipindo ambao hugeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Konrodi huunganisha kila pistoni na kranki. Pistoni ina pini yake na ringi zake. Upande wa gia boksi kuna flaiwili na presha pleti ya klachi; upande wa mbele kuna puli. Kranki hukaa kwenye beringi kuu, ambazo gereji nyingi huziita meni, na kila konrodi hushika pini ya kranki kwa beringi yake, bigiendi. Kusawazisha ni kuupanga uzito wa vitu hivi ili vikizunguka pamoja visiisukume injini upande wowote, wala visiitikise mbele na nyuma.

Kwa nini uzito uisukume injini? Kitu chochote kinachozunguka nje ya mstari wa katikati huvuta kwenda nje. Kani hiyo hupatikana kwa kuzidisha tungamo la kitu kwa umbali wake kutoka katikati, kisha kuzidisha kwa mraba wa kasi ya kuzunguka. Huo mraba ndio wa kuangaliwa. Kasi ikiongezeka mara mbili, kani huongezeka mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, kani huwa mara tisa.

Tuweke namba halisi. Injini ya Toyota 1JZ, yenye silinda sita zilizopangwa kwenye mstari mmoja na ujazo wa sentimita 2,492 za mchemraba, ina pistoni zinazosafiri milimita 71.5 kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo pini ya kranki iko milimita 35.75 kutoka katikati. Tuseme kwenye pini moja kuna gramu kumi zisizo na mwenzake upande wa pili. Injini ikiwa sailensa, mizunguko 750 kwa dakika, gramu hizo huvuta kwa nguvu isiyofika robo kilo. Kwenye mizunguko 3,000 huvuta kwa kilo tatu na nusu hivi. Kwenye 6,000 huvuta kwa zaidi ya kilo 14. Kwenye 7,000 zinakaribia kilo 20, na mwelekeo wake hubadilika mfululizo, mara 116 kila sekunde.

Linganisha na gurudumu la gari, ambalo kila mtu aliyewahi kupeleka matairi kubalansiwa analifahamu. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu la kawaida huzunguka kama mara 850 kwa dakika. Risasi ya gramu kumi kwenye ukingo wa rimu, ingawa iko mbali zaidi na katikati, huvuta kwa kilo moja na nusu tu, na bado dereva huisikia kwenye usukani. Kwenye 6,000, kranki inazunguka mara saba ya gurudumu hilo.

Sasa turudi barabarani. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 shinikizo la hewa ni takriban asilimia 84 ya lile la pwani, na Isongole hupungua zaidi. Nguvu ya injini isiyo na tabo hupungua kwa uwiano unaokaribia huo. Dereva hawezi kuongeza hewa, kwa hiyo huongeza mizunguko: mlima ambao pwani ungepandwa kwa mizunguko 3,000, hapa huenda ukapandwa kwa gia ya chini yake, kwenye 4,500. Ongezeko hilo la nusu huifanya ile kani ya gramu kumi kuwa mara mbili na robo. Mlima hauongezi hitilafu, lakini huipeleka injini kwenye kasi ambako hitilafu ndogo husikika.

Hadi hapo mtu angeweza kuhitimisha kwamba kubalansi ni lazima. Kuna hesabu nyingine ya kufanya kwanza, nayo mara nyingi huachwa.

Pistoni, pini, ringi na sehemu ya juu ya konrodi, tuseme kwa pamoja ni gramu 600. Kwenye mizunguko 6,000 vitu hivyo hufika juu, husimama, kisha hurudi chini, mara mia moja kila sekunde. Kwa vipimo vya 1JZ, kani inayohitajika kuvisimamisha pale juu na kuvirudisha ni zaidi kidogo ya tani moja, na yote hupita kwenye bolti mbili za konrodi. Wakati injini inavuta, shinikizo la mafuta yanayowaka huipunguza kani hiyo katika mzunguko mmoja kati ya kila miwili. Dereva akiteremka kuelekea Kyela kwa gia ndogo, mguu ukiwa nje ya pedali, msaada huo hupungua sana. Ndiyo maana injini iliyosukwa vibaya huweza kupanda salama ikakata konrodi kwenye mteremko.

Weka tani moja na kilo 14 kwenye mizani moja uone. Beringi ya bigiendi iliyokwisha kubeba tani haitakufa kwa sababu ya kilo 14 za ziada. Kinachoiua ni oili chafu au pungufu, nafasi iliyozidi au iliyobana kati yake na kranki, pini iliyopoteza uduara, au bolti iliyokazwa kwa kukisia. Fundi anayesema kwamba bigiendi ziligonga kwa kuwa kranki haikubalansiwa huenda anasema kweli pale hitilafu ilipokuwa kubwa mno, lakini mara nyingi ametafuta jibu mbali wakati liko karibu.

Gramu kumi zinakwenda wapi, basi? Tani moja ya silinda ya kwanza hukutana na tani za silinda nyingine zinazovuta kinyume, zikafutana ndani ya kranki na bloki. Mtu aliyeketi kwenye kiti hasikii kitu. Gramu kumi zisizo na mwenzake hazifutwi. Kilo 14 zake hutoka nje ya injini: huenda kwenye raba za maunti, kwenye gia boksi, kwenye bolti za egzosi, kwenye mabomba ya mafuta na ya rejeta, kwenye dashibodi. Kwa kipimo cha gramu, basi, kubalansi hutawala zaidi kile kinachotoka nje ya injini kuliko kile kinachobaki ndani. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa mengi yanayofuata.

Umbo la injini nalo lina usemi wake. Katika injini ya silinda sita za mstari mmoja, kama 1JZ au 1G ya Mark II GX 100 na GX 110, pini za kranki zimepangwa kwa nyuzi 120, na nusu ya mbele ni kioo cha nusu ya nyuma: pistoni ya kwanza hupanda na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne. Kani za pistoni zinazopanda hufutwa na za zinazoshuka, na mvuto wa mbele hufutwa na wa nyuma. Hapa kuna matokeo ambayo huwashangaza wengi. Ukitoboa bloki na kuweka pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita, ambazo ni nzito kuliko za mwanzo, usawa wa jumla hauharibiki, mradi zote sita ziwe na uzito mmoja. Beringi zitabeba zaidi, hilo ni kweli. Injini haitatikisika zaidi. Kinachotakiwa kwenye sita za mstari ni usawa kati ya silinda na silinda.

Silinda nne za mstari zina tatizo ambalo mizani haiwezi kulitibu. Kwa sababu konrodi hulala upande kranki inapozunguka, pistoni ikitoka juu hushuka kama asilimia 57 ya safari yake katika robo ya kwanza ya mzunguko, na asilimia 43 tu katika robo inayofuata. Kwa hiyo pistoni mbili zinazoshuka hazifutani kikamilifu na mbili zinazopanda. Hubaki kani inayopiga juu na chini mara mbili kwa kila mzunguko wa kranki. Mwingereza Frederick Lanchester alibuni dawa yake mwanzoni mwa karne ya 20: mihimili miwili midogo yenye uzito upande mmoja, inayozunguka kinyume na kwa kasi maradufu. Mitsubishi waliirudisha dawa hiyo katika miaka ya 1970, na injini ya 4G63 iliyoendesha Lancer Evolution nyingi za mashindano inayo. Wapo wanaoiondoa kwa kuhofia mkanda wake mdogo kukatika na kuingia kwenye mkanda wa taimingi, hofu ambayo ina msingi. Wanachopaswa kujua ni kwamba mtetemo unaorudi baada ya hapo si kosa la fundi wa kranki.

Subaru EJ20, yenye pistoni zinazotazamana, hufuta karibu kila kitu. Hubaki mtikisiko mdogo wa kuyumba, kwa kuwa pistoni mbili zinazotazamana hazikai kwenye mstari mmoja kamili. Injini za umbo la V, kama 1UZ ya silinda nane iliyomo kwenye Celsior, ni habari nyingine, na tutaifikia.

Kuna aina mbili za kukosa usawa, na kuzichanganya kumewagharimu watu fedha. Aina ya kwanza ni ya kutulia. Uzito umezidi upande mmoja, na ukiilaza kranki juu ya vyuma viwili vyembamba vilivyonyooka na kusawazishwa kwa pimamaji, upande mzito utajigeuza wenyewe uelekee chini. Mafundi wa kerezo wa zamani walipima hivyo, na njia yao haikuwa ya kipuuzi.

Aina ya pili haionekani kranki ikiwa imetulia. Tuseme gramu kumi zimezidi mbele kwa upande wa juu, na gramu kumi zimezidi nyuma kwa upande wa chini. Ukiiweka kranki kwenye vyuma vyako haitajigeuza, kwa sababu jumla imelingana. Ukiizungusha, mbele huvutwa juu wakati nyuma inavutwa chini, na baada ya nusu mzunguko hubadilishana. Kwenye mizunguko 6,000 kila ncha inavutwa kwa zile kilo 14, na kranki ndefu ya silinda sita hujaribu kuyumba na kupindika. Ndiyo maana mashine ya kubalansi matairi huonyesha namba mbili, ya rimu ya ndani na ya rimu ya nje. Mashine ya kranki hufanya vivyo hivyo. Kranki hulazwa juu ya vishikizo viwili vyenye vipimaji, huzungushwa kwa mkanda kwa mwendo wa mizunguko mia chache tu kwa dakika, na kompyuta hueleza ni gramu ngapi, kwa pembe ipi, kwenye ncha ipi. Mwendo mdogo unatosha, kwa kuwa hitilafu ya kranki isiyopindika ni ileile kwa kasi zote. Kinachobadilika ni kani tu. Na hitilafu yoyote ya mhimili mgumu, iwe imetawanyika namna gani, inaweza kusahihishwa kwenye sehemu mbili.

Kusahihisha kwenyewe ni kupunguza au kuongeza. Kupunguza ni kutoboa kwa kekee yale mapande mazito ya chuma yaliyo mkabala na pini za kranki. Kuongeza ni kutoboa pande hilo na kupachika kipande cha tangisteni, metali yenye uzito wa karibu mara mbili na nusu ya chuma kwa ujazo uleule, kikabanwa kisiweze kutoka. Kuchomelea nati au kipande cha chuma kwenye kranki ni jambo la kukataa pale pale: moto hupinda kranki na kuidhoofisha, na kipande kikibanduka kwenye mizunguko 6,000 hakitaishia kwenye sampu.

Kabla ya mashine kuna kazi ya mizani, ambayo inaweza kufanyika Tukuyu bila kwenda popote. Mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja au nusu yake inatosha. Pistoni hupimwa moja moja pamoja na pini na ringi zake. Iliyo nyepesi kuliko zote huwa kipimo, na nyingine hupunguzwa ndani, chini ya matundu ya pini, mahali penye metali nyingi. Hakuna mtu anayepaswa kugusa kichwa cha pistoni wala kuta zake kwa ajili ya uzito.

Konrodi ni ngumu zaidi, na hapa ndipo wengi wanaojiona wamebalansi huwa hawajabalansi. Kupima uzito wa konrodi nzima hakutoshi. Anayebeba mzega huhisi begani uzito wa jumla, lakini jumla haimwambii ni mzigo upi mzito kati ya huo wa mbele na wa nyuma; konrodi nayo ina ncha mbili zenye kazi tofauti. Ncha kubwa huzunguka na kranki. Ncha ndogo hupanda na kushuka na pistoni. Konrodi mbili zenye gramu 580 kila moja zinaweza kutofautiana kwa gramu kumi kwenye ncha kubwa, na zikawekwa kwenye injini kwa imani kwamba ni sawa. Njia ni kuning'iniza ncha moja kwa uzi au waya huku nyingine ikiwa juu ya mizani, konrodi ikiwa imelala sawasawa, kisha kugeuza. Jumla ya vipimo viwili lazima ilingane na uzito wa konrodi nzima. Isipolingana, konrodi haikulala sawa na upimaji urudiwe.

Chuma hupunguzwa kwenye vinundu ambavyo kiwanda kiliviacha kwa kazi hiyo, juu ya ncha ndogo na chini ya kofia ya ncha kubwa. Mikwaruzo ya tupa au grinda ifuate urefu wa konrodi. Mkwaruzo wa kukatiza ni mwanzo wa ufa. Karibu na bolti pasiguswe. Na kila kofia irudi kwenye konrodi yake, kwa upande wake, kwa kuwa zilitobolewa pamoja.

Mpangilio wa kazi una uzito zaidi kuliko usahihi wa mizani. Kranki hupimwa kwanza kama imenyooka, hukaguliwa nyufa, kisha huchongwa meni na bigiendi ikibidi. Kuchonga pini za kranki kunaweza kusogeza katikati yake kwa kiasi kidogo, na kunyoosha kranki kunabadilisha kila kitu. Kwa hiyo kubalansi huja baada ya kazi zote za mashine na kabla ya kuosha kwa mwisho, kuosha ambako kunajumuisha matundu ya oili, kwani vumbi la kekee lililojificha humo litaua beringi kwa kilomita chache. Aliyebalansi kwanza kisha akapeleka kranki kuchongwa amelipia kazi ambayo haipo tena.

Flaiwili na presha pleti nazo huzunguka, na kipenyo chake kikubwa kinazipa gramu chache nguvu nyingi. Gramu kumi milimita 120 kutoka katikati ni sawa na gramu zaidi ya 33 kwenye pini ya 1JZ. Flaiwili ikichongwa uso, au ikibadilishwa kwa iliyo nyepesi, ndiyo sehemu ya kwanza ya kupeleka mashineni. Presha pleti itiwe alama kabla ya kufunguliwa ili irudi kwenye matundu yaleyale. Alama ya chaki haina gharama.

Puli ya mbele inataka maelezo yake peke yake, maana huchanganywa na kubalansi wakati kazi yake ni nyingine. Kila silinda inapowaka huipa kranki teke la kuizungusha, na kranki ndefu hujisokota kidogo kisha kurudi. Kwenye kasi fulani mateke hulingana na mwendo wa asili wa kujisokota, na msokoto hukua hadi unaweza kukata kranki. Puli ya kiwandani imetengenezwa kwa pete mbili zilizounganishwa kwa mpira ili kuumeza msokoto huo. Kranki iliyosawazishwa kikamilifu hujisokota vilevile. Injini nyingi za 1JZ zinazofika kwetu zimeshatimiza zaidi ya miaka 20, na mpira wa puli umeshakauka au pete ya nje imeshateleza, hata alama ya taimingi isionyeshe ukweli. Anayebadilisha puli hiyo kwa kipande kizima cha alumini kinachong'aa, kwa sababu ni chepesi, ameondoa kinga na kuweka pambo. Kwenye silinda nne fupi anaweza kusamehewa. Kwenye sita ndefu inayosukumwa na tabo, sioni namna ya kumtetea.

Usawa kiasi gani unatosha? Kiwango cha kimataifa ISO 21940-11, kilichochukua nafasi ya ISO 1940-1, hupanga mitambo kwa madaraja. Feni, kama zile za kunyaushia majani ya chai kwenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli, kwa kawaida huwekwa kwenye daraja la G 6.3. Tukiipa kranki ya kilo 20 daraja hilohilo kwa mizunguko 6,000, kitovu cha uzito wake kinaruhusiwa kupishana na katikati kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Kwa vipimo vya 1JZ hiyo ni sawa na gramu tano na nusu kwenye pini, zikigawanywa kwa ncha mbili za kranki. Kila ncha haipati gramu tatu. Hizo ni gramu ambazo mashine huziona bila shida na macho hayazioni kabisa. Kwa upande mwingine, anayejisifu kwamba amelinganisha pistoni hadi sehemu ya kumi ya gramu amefanya kazi nzuri ambayo oili inayong'ang'ania chini ya pistoni itaifuta dakika ya kwanza.

Sasa tunaweza kutoa uamuzi, na hautakuwa mmoja kwa wote. Mwenye 1G au 1JZ isiyo na tabo anayesuka upya kwa pistoni za seti moja, konrodi zilezile na kranki iliyochongwa vizuri, afanye kazi ya mizani hapahapa, ncha kwa ncha, ndani ya gramu moja au mbili. Fedha ya mashine aipeleke kwenye bolti mpya za konrodi, beringi za ukubwa sahihi, pampu ya oili na puli ya mbele yenye mpira mzima. Mizani itampa sehemu kubwa ya faida, kwa kuwa umbo la injini yake linamfanyia nusu ya kazi. Historia ya mbio za magari Afrika Mashariki nayo haipingani na mpangilio huo. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la silinda nne ambalo halikuwa na nguvu ya kutisha. Barabara zile zilimpa ushindi aliyefika.

Mwenye injini ya tabo anayekusudia kuizungusha kupita 6,500 mara kwa mara, au aliyebadilisha konrodi, flaiwili au kranki kwa za kampuni nyingine, ana sababu ya kulipia mashine. Hapo gramu zinazotoka nje ya injini zimeshakuwa makumi ya kilo, na kranki imeanza kupindika vya kutosha hata meni za katikati zikasikia. Apeleke kranki, flaiwili na presha pleti, na kila kimoja kipimwe peke yake kabla ya kupimwa pamoja, ili klachi ikija kubadilishwa baada ya miaka miwili usawa usiondoke nayo.

Mwenye 1UZ au V nyingine iliyobadilishwa pistoni hana njia ya mkato. Kwenye V, mapande mazito ya kranki hupangwa kulingana na uzito halisi wa pistoni na konrodi, na kranki ikizungushwa tupu mashineni namba zote zitakuwa za uongo. Kwa 1UZ, fundi hufunga kwenye kila pini uzito wa muda unaolingana na ncha kubwa za konrodi mbili pamoja na beringi zake, akaongeza nusu ya kila kinachopanda na kushuka, pamoja na gramu chache za oili. Hesabu hiyo haifanyiki kwa kukisia wala kwa simu. Anayefunga safari na kranki ya namna hiyo kutoka Tukuyu, iwe kwenda Mbeya mjini au Dar es Salaam, apakie kwenye boksi hilohilo pistoni moja na pini yake, seti moja ya ringi, konrodi moja iliyokwisha kulinganishwa na wenzake, beringi za bigiendi, flaiwili, presha pleti na puli. Akisahau ringi, atapigiwa simu akiwa njiani kurudi, ameshafika Isongole.